Oili inavuja leo, kesho haivuji: namna ya kuikamata kwenye gari la zamani

Carina yangu ya mwaka 1997 ilinisumbua karibu miezi minane. Wiki nzima nazunguka nayo mjini Tanga, Chumbageni hadi Makorora, Makorora hadi bandarini, na chini hakuna hata tone. Nikirudi kutoka Lushoto Jumapili jioni, asubuhi ya Jumatatu nakuta doa la ukubwa wa sahani uani. Naipeleka gereji Jumanne. Fundi anainama, anamulika tochi, anainuka: "Mbona sioni kitu, bosi?" Ziara ya tatu nikaambiwa ni sili ya nyuma ya krenki, yaani shafti kuu ya injini, pale inapokutana na giaboksi. Giaboksi ikashushwa, sili ikabadilishwa, nikalipa ufundi wa siku mbili. Nikapanda tena milimani, nikarudi, na doa likawa palepale.

Fundi mzee wa Ngamiani aliyeimaliza kesi ile hakugusa boneti kwanza. Alikaa kwenye kigoda akaniuliza: inavuja lini? Ikiwa ya moto au imelala usiku? Ukienda mbali au hata hapa mjini? Unaiegesha pua ikitazama wapi? Sikuwa na jibu hata moja la uhakika, na nililipa giaboksi kushushwa kwa sababu hiyo. Oili inayovuja mfululizo unaweza kuitafuta kwa macho. Inayovuja kwa vipindi ina sharti lake: joto, presha, mlalo wa gari, ujazo, au pumzi ya injini. Sharti likikosekana, hata fundi hodari ataona injini kavu. Kwa hiyo tafuta *lini* kabla ya *wapi*. Utaratibu wote ulio hapa chini umesimama juu ya jambo hilo.

Kwa nini itoke leo na kesho isitoke

Oili iliyolala usiku ni nzito. Ikifika nyuzi joto 90 hivi inakuwa nyepesi na kupenya ufa ambao asubuhi isingeweza kuupita. Presha nayo hupanda na kushuka. Injini ndogo ya petroli ikiwa ya moto na imesimama bila mwendo huwa na presha ya bar 1 hivi. Ukiwa barabarani kwenye mizunguko 3,000 inaweza kufika bar 3 hadi 5. Ndiyo maana kitu kama swichi ya oili, ile inayowasha taa ya presha ya oili, kinaweza kumwaga njiani kisha kikakauka kabisa gari likizimwa.

Kuna uvujaji wa kinyume chake pia. Mpira wa sili ukizeeka unakakamaa. Ukipoa husinyaa na kuacha mwanya, ukipata moto unatanuka na kuuziba. Gari la namna hii hudondosha likiwa limelala, na mchana ukilifuatilia halina kosa.

Halafu kuna pumzi. Kila injini hupitisha gesi kidogo kutoka juu ya pistoni kwenda chini kwenye krenki. Gesi hiyo ina njia yake ya kutokea. Njia ikiziba, presha inajikusanya ndani na kusukuma oili popote penye udhaifu. Mjini hutaiona. Kwenye mlima mrefu, mguu umekandamiza mafuta kwa dakika 40, utaiona.

Hatua ya 1: Hakikisha ni oili ya injini

Chukua karatasi nyeupe, igusishe kwenye doa, kisha weka tone la kutoka kwenye dipstiki, fimbo ya kupimia oili, pembeni yake. Linganisha rangi, harufu na utelezi. Oili ya giaboksi ya gia za mkono ina harufu kali ya kiberiti ambayo ukishaijua huisahau. Mafuta ya giaboksi otomatiki na ya usukani huwa mekundu, yakizeeka huelekea kahawia. Maji ya rejeta yana harufu tamutamu na hayana utelezi wa oili. Maji matupu upande wa abiria ni ya kiyoyozi, na kwa unyevu wa pwani hii yatakuwa mengi, usiyajali.

Mafuta ya breki ni jambo jingine. Ukiyakuta karibu na tairi, gari lisitoke hapo.

Hatua ya 2: Fungua daftari

Kwa wiki mbili andika tarehe, kilomita, safari uliyofanya, gari limelala wapi na pua ikielekea wapi, na kipimo cha dipstiki. Pima asubuhi kabla ya kuwasha, mahali palepale, pawe tambarare. Anayepima leo kwenye mteremko na kesho kwenye tambarare anaandika uongo bila kujua.

Wengi hawapendi hatua hii kwa sababu haina spana. Mimi naiona ndiyo nusu ya kazi. Daftari ndilo litakalokuambia pia kama oili inavuja au inaungua. Fanya hesabu: mililita 1 ina matone 20 hivi, kwa hiyo lita 1 ni matone kama 20,000. Kwenye Toyota nyingi ndogo, kutoka alama ya juu ya dipstiki hadi ya chini ni karibu lita 1. Kama gari limeshuka nusu lita kwa kilomita 1,000, umepoteza matone 10,000. Je, yamedondoka ardhini au yamenata upande wa chini wa injini? Kama huyaoni, na unaona vidoa vitatu tu sakafuni, sehemu kubwa inaungua.

Sisi wa Tanga tuna kipimo kizuri cha hilo. Ukiwa unashuka kutoka Lushoto kwenda Mombo, shuka kwa gia bila kukanyaga mafuta, kisha mtu wa nyuma yako atazame ekzosi pale utakapokanyaga tena. Wingu la bluu pale ni dalili ya sili za valvu zilizokakamaa. Hizo haziachi doa chini hata siku moja.

Ujazo nao uangalie. Oili iliyopita alama ya juu hupigwa na krenki, hutoa povu na kusukumwa kwenye sili. Nimeona magari mawili "yanayovuja" yakipona kwa kupunguziwa oili tu.

Hatua ya 3: Boksi chini ya gari

Tafuta boksi kubwa dukani, la friji au la jiko likipatikana, likate litandazike. Chora mshale wa mbele ya gari, weka alama mahali tairi za mbele zinaposimama, ili kila usiku gari lilale juu yake vilevile. Zungushia kila doa kwa kalamu na tarehe yake. Baada ya siku chache utaona madoa yamejikusanya sehemu moja, au mbili. Yakiwa mawili yaliyotengana, huenda una sehemu mbili zinazovuja. Hilo ni la kawaida kwa gari la miaka 25, na ndilo linalowachanganya wengi: wanaziba moja, wanaona doa jingine, wanadhani kazi imeshindikana.

Boksi halionyeshi chanzo. Linaonyesha mahali tone lilipoachia tu, baada ya kutambaa juu ya chuma na kusukumwa nyuma na upepo wa mwendo. Msihukumu injini kwa boksi peke yake.

Hatua ya 4: Osha injini

Huwezi kusoma alama mpya juu ya uchafu wa miaka kumi. Injini ikiwa imepoa kabisa, funika distributa (inayogawa umeme wa plagi), alteneta, koili na mdomo wa hewa kwa mifuko ya plastiki. Pakaza dizeli au mafuta ya taa kwa brashi, acha dakika 15, sugua, kisha sabuni na maji ya mpira wa kawaida. Petroli usiitumie kamwe kuoshea, mvuke wake unashika moto kwa cheche ndogo tu. Maji baridi juu ya manifoldi ya moto huweza kuipasua. Mashine ya presha ya pale wanapooshea magari naikataa: inasukuma maji ndani ya distributa na kwenye sili, na utarudi nyumbani na ugonjwa mpya.

Maji yale ya oili yasiende mtaroni. Mitaro yetu inaishia baharini, na samaki wa pale ndio tunaokula. Weka beseni, na oili chafu ipeleke gereji wanapoikusanya.

Ukiingia chini ya gari, liwe juu ya stendi, si juu ya jeki. Kwa mchanga wa kwetu weka ubao mpana chini ya kila stendi, maana mchanga unadidimia polepole bila kukuambia.

Hatua ya 5: Poda

Injini ikikauka, washa dakika tano ili unyevu wote uondoke, zima, subiri ipoe. Weka poda ya watoto ndani ya soksi nyembamba, funga mdomo, kisha pigapiga taratibu kwenye maungio: chini ya tapeti kava (kifuniko cha juu cha injini), kuzunguka distributa, kwenye filta, swichi ya oili, ukingo wa sampu (bakuli la oili la chini), na panapokutana injini na giaboksi. Kaa mbali na belti. Poda nyeupe ikiguswa na oili inakuwa na mstari mweusi, na mstari huo una mwanzo na mwisho.

Kama duka la spea lina rangi ya kung'aa ya kutafutia uvujaji, ile iliyoandikwa kuwa ni ya oili ya injini, ni nzuri zaidi. Unaichanganya kwenye oili, unaendesha, usiku unamulika kwa tochi ya mwanga wa zambarau. Tochi ndogo ya namna ile ya kukagulia noti dukani mara nyingi inatosha. Hiyo inafaa hasa kipindi cha masika, wakati poda inaoshwa na madimbwi kabla hujafika nyumbani.

Hatua ya 6: Majaribio, sharti moja kwa wakati mmoja

Hapa ndipo kazi yenyewe. Usichanganye. Kila jaribio lifuatwe na ukaguzi wa kioo kidogo na tochi kabla ya kwenda jingine.

Anza na baridi. Asubuhi washa gari, liache likiunguruma mahali pamoja dakika 10. Oili baridi ni nzito na presha yake iko juu tangu dakika ya kwanza. Filta iliyofungwa vibaya na swichi ya oili hujitaja hapa.

Kisha mjini, nusu saa ya kusimama na kwenda. Kama ni kavu, andika "kavu". Jibu la "kavu" lina thamani sawa na jibu la doa.

Kisha barabara ndefu. Nenda Muheza na kurudi, kilomita 35 hivi kila upande, kwa mwendo wa 80 usiobadilika. Ukirudi usizime haraka. Fungua boneti injini ikiwa inaunguruma, mikono na nguo mbali na feni, na uangalie. Kisha zima, angalia tena baada ya dakika 20. Tofauti ya mara hizo mbili inakuambia kama ni presha au ni oili inayoteremka yenyewe.

Kisha mlima. Mombo hadi Lushoto ni zaidi ya kilomita 30 na unapanda karibu mita 1,000, hakuna kipimo bora cha pumzi ya injini katika mkoa wetu. Njia ya Muheza kwenda Amani nayo inafaa, ila penye vumbi, vumbi litaganda kwenye oili. Hata hilo ni alama, poda ya bure.

Mwisho ni mlalo. Lilaze gari usiku mmoja pua ikiwa juu, usiku wa pili pua ikiwa chini. Ukipata doa upande mmoja tu, umepunguza washukiwa nusu.

Hatua ya 7: Soma kutoka juu

Oili inashuka na kurudi nyuma. Tafuta sehemu iliyo juu kabisa na mbele kabisa yenye unyevu, hiyo ndiyo ya kushughulikia kwanza. Sampu iliyolowa huwa imesingiziwa mara nyingi kuliko kitu chochote kwenye injini.

Hatua ya 8: Pima pumzi kabla ya kununua sili yoyote

Injini ya petroli ikiwa ya moto na imetulia, fungua kifuniko cha kujazia oili na uweke karatasi ya nailoni juu ya tundu. Ikivutwa ndani kidogo, njia ya pumzi iko hai. Ikirushwa juu, na moshi ukitoka kwa mapigo, kuna presha ndani. Vua valvu ya PCV, ile inayopitisha pumzi ya injini kurudi kwenye njia ya hewa, itikise: nzima hulia kama kipunje ndani ya kopo, iliyoganda haisemi kitu. Angalia na mpira wake, huwa unajaa tope au unabonyea ndani. Valvu hii ni kitu cha bei ndogo. Sili mpya kwenye injini isiyopumua itavuja kama ya zamani. Ndivyo ilivyokuwa kwangu.

Kama PCV ni nzima na bado inapumua kwa nguvu, pima kompresheni. Huenda ringi za pistoni zimechoka, na hapo mjadala ni mwingine. Dizeli nyingi za zamani hutoa pumzi kiasi hata zikiwa nzima, kwa hiyo linganisha na gari jingine la injini hiyohiyo kabla ya kuhukumu.

Washukiwa, kwa sharti lao

*Baada ya mwendo mrefu au mlima, doa likiwa kwenye maungio ya injini na giaboksi.* Kila mtu atasema sili ya nyuma ya krenki. Subiri. Kwenye injini za Toyota kama 5A, 7A na 3S zilizolazwa kwa upana, distributa iko mwisho wa silinda hedi, juu ya giaboksi. Ina oringi, pete ya mpira, ambayo baada ya miaka mingi inakuwa ngumu kama plastiki. Oili inashuka nyuma ya hedi, inatambaa juu ya giaboksi na kudondoka palepale ambapo sili ya krenki ingedondosha. Pitisha kidole chini ya distributa. Kama kimelowa, usikubali giaboksi ishushwe. Angalia pia kona ya nyuma ya tapeti kava, nayo hushukia njia hiyo. Sili ya krenki ikiwa ndiyo kweli, sehemu zote za juu zitakuwa kavu, na gari la gia za mkono linaweza kuanza kutelezesha klachi.

*Harufu ya kuungua ukisimama kwenye foleni, chini pakavu.* Tapeti kava inadondosha kwenye manifoldi ya ekzosi. Ndogo kwa macho, ila ni ya kwanza kurekebishwa, kwa sababu oili juu ya ekzosi ni moto unaosubiri. Toa pia waya za plagi: visima zinamokaa plagi vikiwa na oili, sili zake zimekwisha, na gari litakuwa linakosakosa asubuhi.

*Njiani tu, likizimwa hakuna.* Swichi ya oili. Vua soketi yake ya umeme. Ukikuta oili ndani, swichi imepasuka. Kwenye dizeli za Toyota kama 2L na 3L fuata mipira ya oili inayokwenda kwenye pampu ya vakyumu nyuma ya alteneta. Mpira huo ukichoka unamwaga kwa kasi, usiucheleweshe.

*Likilala pua chini.* Kwenye injini iliyolazwa kwa urefu wa gari, ni sili ya mbele ya krenki au ya kemshafti, shafti inayofungua valvu. Kwenye injini yenye taimingi belti hili ni la haraka: belti iliyolowa oili huharibika, na ikikatika gari linazima hapohapo.

*Tangu siku ya sevisi.* Raba ya filta ya zamani imebaki imenata kwenye injini na mpya imefungwa juu yake, au washa ya bolti ya kumwagia oili haikubadilishwa.

*Sampu ya gari la pwani.* Chumvi ya bahari hula sampu kutoka nje. Rangi ikivimba na kubanduka, chini yake kunaweza kuwa na tundu la sindano linalozibwa na uchafu na kufunguka gari likitikiswa. Usilichokonoe kwa bisibisi oili ikiwa ndani.

Kuziba

Kwa bolti za sampu na tapeti kava, nguvu si sifa. Injini nyingi ndogo zinahitaji chini ya Nm 10. Ukizidisha, bati linapinda na gasketi mpya inavuja kuliko ya zamani. Fuata kipimo cha injini yako na ukaze kwa kupishanisha. Filta kaza kwa mkono: raba ikigusa, ongeza robo tatu ya mzunguko. Silikoni iliyopakwa kwa nje juu ya oili haishiki, na ya ziada kwa ndani hukatika na kwenda kuziba chujio la pampu. Oili nzito zaidi, kama kuhama kwenda 20W-50, inaweza kupunguza doa, lakini inakuondolea ushahidi wako kabla hujamaliza kesi. Ziba kwanza.

Na taa nyekundu ya oili ikiwaka njiani, zima injini hapohapo, hata kama umebakiza kilomita mbili kufika.

Carina yangu ilipona kwa oringi ya distributa na valvu ya PCV, kazi ya asubuhi moja. Baadaye nikaiosha upya, nikapaka poda upya, nikapanda Lushoto na kurudi siku hiyohiyo, nikailaza juu ya boksi jipya. Safari iliyoleta doa ndiyo inayotakiwa kurudiwa. Kuzunguka Raskazone kusingenithibitishia kitu. Asubuhi boksi lilikuwa jeupe isipokuwa vidoa viwili vidogo upande wa filta, navyo nikaviandika daftarini.